Mahali pa Swali: Kupanga Masomo ya Juu ya Fasihi ya Kiingereza

Mwaka 1952 Julius Nyerere alitunukiwa M.A. na Chuo Kikuu cha Edinburgh. Ilikuwa shahada yake ya kwanza. Katika vyuo vikongwe vya Uskoti mwanafunzi wa sanaa hapewi B.A.; huingia akitoka sekondari na hutoka na M.A. Oxford, aliyekwisha kupata B.A. husubiri hadi muhula wa 21 tangu aandikishwe, kisha huipandisha kuwa M.A. bila mtihani wala tasnifu. London, M.A. ya fasihi ya Kiingereza ni mwaka mmoja wa semina unaoishia kwenye tasnifu fupi. Dar es Salaam ni miaka miwili, ya kozi kwanza na tasnifu baadaye. Marekani, katika idara nyingi, M.A. hutolewa njiani kwa mtu ambaye tayari yumo katika safari ya Ph.D. Kijana wa Morogoro au Kisumu anayetaka kuendelea na fasihi ya Kiingereza baada ya shahada ya kwanza huanza, basi, kwa kulinganisha vitu vilivyofanana jina na kutofautiana karibu kwa kila kitu kingine.

Vijana wanaoniomba ushauri huuliza kwanza chuo kipi ni bora, kisha ada yake ni kiasi gani. Yote mawili ni maswali halali. Lipo jingine, hata hivyo, linaloamua mengi zaidi, nalo halimo katika fomu yoyote ya maombi: huko unakokwenda wanakutaka uwe na swali lako la utafiti wakati gani? Uingereza hulitaka mlangoni. Marekani hungoja miaka miwili au mitatu kabla ya kulidai. Afrika Mashariki hulidai katikati ya njia, na hudai pia kujua jibu lake litamfaa nani. Nitayaweka mapokeo haya bega kwa bega, na kando yake nitaweka mengine ambayo hayatajwi sana yanapozungumzwa masomo ya uzamili na uzamivu.

Inafaa tukumbuke kwanza kwamba somo hili ni changa hata kwao. Edinburgh ilikuwa na kiti cha uprofesa wa balagha na fasihi tangu 1762, kilichokaliwa na Hugh Blair. London ilimpata profesa wake wa kwanza wa Kiingereza mwaka 1828. Huko India, Shakespeare na Milton walikuwa wakifundishwa na kutahiniwa vyuoni miongo mingi kabla Oxford haijaanzisha mtaala wa shahada ya Kiingereza mwaka 1894. Gauri Viswanathan aliieleza historia hiyo kwa kina katika kitabu chake Masks of Conquest cha 1989. Cambridge ilingoja hadi 1917. Kwa hiyo fasihi ya Kiingereza ilikuwa somo la Waskoti na la Wahindi waliotawaliwa kabla ya kupokewa katika vyuo viwili ambavyo leo tunavihesabu kuwa kitovu chake. Mwanafunzi wa Kiafrika anayeona haya kwamba anaingia katika somo la wenyewe ingefaa aanze na tarehe hizo.

Oxford na Cambridge zenyewe hazikukubaliana. Walimu wengi wa Oxford waliona kwamba kusoma mashairi na riwaya peke yake hakuna kitu kigumu cha kutahiniwa, ni ladha tu ya mtu na mtu, hivyo wakaufunga mtaala kwenye isimu ya kihistoria na Kiingereza cha kale. Cambridge ilielekea upande mwingine. Huko I. A. Richards aliwagawia wanafunzi mashairi yasiyo na majina ya watunzi wala tarehe, akawataka waandike walichokiona. Majibu yao, pamoja na uchambuzi wake, yakawa kitabu Practical Criticism cha mwaka 1929. Oxford ilisema ijue lugha na historia ya maandishi kabla ya kuyahukumu. Cambridge ilisema soma maneno yaliyo mbele yako. Mabishano hayo hayajafa. Kozi ya uzamili ya Oxford, ya miezi tisa, bado imegawanywa kwa vipindi, kuanzia enzi za kati hadi sasa, na ndani yake mwanafunzi hufundishwa kushughulika na miswada, chapa za kwanza na namna kitabu kilivyotengenezwa. Anayeomba nafasi huko hutakiwa kuchagua kipindi kabla hajafika. Mtu ambaye hajui kama anapenda zaidi karne ya 17 au ya 20 atakuwa amelazimika kuamua akiwa bado nyumbani.

Uzamivu wa Kiingereza unaendeleza tabia hiyo hadi mwisho wake. Shahada hiyo iliingia Oxford mwaka 1917 ikitokea Ujerumani kwa njia ya Marekani, lakini Waingereza waliipunguza ikabaki mifupa yake: mwanafunzi, msimamizi, maktaba, na tasnifu ya maneno kati ya 80,000 na 100,000. F. R. Leavis, ambaye jina lake lilikuja kutawala uhakiki wa Kiingereza kwa miongo kadhaa, aliipata ya Cambridge mwaka 1924 kwa kazi juu ya uhusiano wa uandishi wa magazeti na fasihi. Hadi leo mwombaji hupeleka pendekezo la kurasa chache, na kwa pendekezo hilo hupimwa. Miezi kumi na miwili baadaye, au zaidi kidogo, hupimwa tena kuona kama kazi ina mwelekeo. Kozi za lazima ni chache au hazipo. Mwishoni huingia chumbani na watahini wawili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje, mlango ukafungwa, wakazungumza juu ya kazi aliyoiandika. Hakuna hadhira, wala alama. Msimamizi wake kwa kawaida si mmoja wa watahini.

Utaratibu huo ni wa heshima kubwa. Humchukulia mwanafunzi kama mwanazuoni tangu siku ya kwanza, na kwa mtu aliyekwisha kulipata swali lake ni zawadi ya wakati mtupu. Abdulrazak Gurnah, aliyetoka Zanzibar akiwa kijana, alipata uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982 kwa tasnifu juu ya vigezo vya kuhakikia hadithi za Afrika Magharibi; miaka hiyo ya mwanzo ya 1980 alikuwa pia akifundisha Kano, Nigeria. Ile ilikuwa hoja ya mtu aliyejua anachokitafuta, na mfumo wa Kiingereza haukumtaka aonyeshe kwanza kwamba amepitia Chaucer na Pope ndipo aruhusiwe kuifuata.

Lakini wakati mtupu humfunua mtu pia. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds mwaka 1964 akitoka Makerere, kusoma uzamili. Mada yake ilikuwa fasihi ya Karibi, George Lamming akiwa katikati yake. Tasnifu hiyo hakuikamilisha. Alichokamilisha katika miaka hiyo ni riwaya, A Grain of Wheat, iliyotoka 1967. Leeds ilikuwa na msisimko wake: fasihi ya nchi za Jumuiya ya Madola ilikuwa imeanza kufundishwa, Arnold Kettle alikuwa akihakiki riwaya kwa jicho la Kimarx kabla ya kuja kuwa profesa wa fasihi Dar es Salaam, na Grant Kamenju, Mkenya mwenzake Ngũgĩ ambaye naye baadaye alifundisha Dar es Salaam, alikuwa hapo. Mfumo uliomwacha mwanafunzi peke yake na vitabu ulimpa Ngũgĩ nafasi ya kugundua kwamba swali lake halikuwa la tasnifu. Sisi wasomaji wake tulipata riwaya. Mtu asiyekuwa na riwaya kifuani, akiachwa hivyo hivyo, hupata miaka mitatu ya upweke na barua ya kuomba kuongezewa muda.

Ng'ambo ya Atlantiki mpango umejengwa kwa dhana tofauti kabisa. Yale ilitoa Ph.D. za kwanza za Marekani mwaka 1861, lakini Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa 1876 kwa kufuata mfano wa Ujerumani, ndicho kilichoifanya semina ya utafiti kuwa kiini cha masomo ya juu. Mwanafunzi wa Ph.D. ya Kiingereza huanza na miaka miwili hivi ya kozi. Hapo anatakiwa kugusa vipindi asivyovipenda pia, na idara nyingi bado zinamtaka athibitishe kwamba anasoma lugha nyingine. Kisha huja mitihani ya kufuzu. Mwanafunzi na walimu wake hupatana orodha za vitabu, makumi kwa makumi, katika nyanja mbili au tatu; huzisoma kwa miezi, halafu huketi mbele ya jopo na kuhojiwa. Ni baada ya hapo tu ndipo huandika pendekezo la tasnifu. Yaani hati ambayo Leeds au Kent huitaka kabla ya kukupa nafasi, huko huandikwa katika mwaka wa tatu au wa nne. Jumla ya safari ni miaka mitano kwa uchache, na mara nyingi sita au saba.

Msimamizi mmoja wa Kiingereza, Marekani huwa kamati ya watatu au zaidi. Kuna jambo jingine linalowastaajabisha waombaji wa kwetu: ukikubaliwa katika idara yenye fedha, ada hufutwa na unalipwa posho, nawe kwa upande wako unafundisha. Kazi hiyo mara nyingi ni kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza uandishi wa insha. Wapo wanaoiona kuwa mzigo wa kulipia masomo. Mimi naiona kuwa sehemu ya elimu yenyewe, maana mtu aliyesahihisha insha za vijana kwa miaka minne hujua kitu kuhusu sentensi ambacho mwenzake wa Kiingereza aliyekaa maktabani hakijui. Neema hiyo, hata hivyo, haina dhamana ya kudumu. Chuo Kikuu cha Boston, kwa mfano, kilisimamisha upokeaji wa wanafunzi wapya wa Ph.D. katika masomo kadhaa ya sanaa na jamii, Kiingereza kikiwamo, kwa mwaka wa 2025–26. Anayepanga kwenda Marekani asiweke matumaini yake yote katika idara moja.

Mtihani ule wa orodha una mfano wa kale ambao msomaji wa pwani yetu ataufahamu kuliko msomaji wa Cambridge. Katika vyuo vya Kiislamu vya Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija, mwanafunzi wa kiwango cha juu hakusomea shahada ya taasisi. Alisoma kitabu maalumu mbele ya sheikh, ukurasa kwa ukurasa, hata kikamalizika, akapewa ijaza ya kukifundisha. Ijaza ilitaja kitabu, ikamtaja mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, hadi mnyororo ukafika kwa mtunzi. Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, alisafiri hadi Hadhramaut, Misri na Istanbul, na kilichompa hadhi kilikuwa watu aliosoma kwao. Alama za chuo hazikuwa na nafasi katika hesabu hiyo.

Kati ya mifumo yote ya leo, mtihani wa orodha wa Marekani ndio unaoikaribia ijaza. Vyote viwili vinasema kwamba haki ya kusema inatanguliwa na kusoma, na kwamba kusoma kuwe na shahidi. Tofauti yake ni kubwa pia. Ijaza humkabidhi mtu kitabu akihifadhi na kukipitisha kama alivyokipokea. Orodha ya Kimarekani humpa vitabu ili aone pengo lililoachwa baina yake, na katika pengo hilo apande hoja yake. Uingereza kwa upande wake imechukua kipande kingine cha ijaza, ule uhusiano wa mtu na mwalimu mmoja, ikaacha orodha. Ndiyo maana barua ya kwanza ya mwombaji wa uzamivu huko humwendea mtu kabla ya kuiendea ofisi ya udahili. Katika jambo hilo desturi ya Lamu na ya Leeds zinafanana kuliko zinavyofanana za Leeds na Chicago.

Sasa turudi Nairobi. Tarehe 24 Oktoba 1968 wahadhiri watatu, Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ, waliandika waraka wa kupendekeza Idara ya Kiingereza ifutwe. Taban alikuwa ametoka Iowa, katika warsha mashuhuri ya waandishi. Ngũgĩ alikuwa ametoka Leeds. Waraka huo mara nyingi husimuliwa kana kwamba ulitaka Shakespeare afukuzwe. Hoja yake ilikuwa nyingine, nayo ilihusu mahali pa kusimama: kama fasihi moja lazima iwe katikati na nyingine zitazamwe kutoka hapo, kwa nini katikati pasiwe Afrika, na fasihi ya Ulaya, ya Karibi na ya Marekani ya Weusi ziizunguke? Idara ya Fasihi ikazaliwa, na fasihi simulizi ikawekwa kwenye msingi wa mtaala. Ni mageuzi ambayo vyuo vya Uingereza na Marekani vilianza kuyajadili kwa uzito miaka mingi baadaye.

Matokeo yake kwa mwanafunzi wa uzamili yanaonekana katika jambo dogo la ofisini, nalo ni umbo la pendekezo. Pendekezo la Kiingereza ni insha: linaanza na vitabu, linaeleza kinachosumbua ndani yake, linaonyesha wahakiki waliotangulia wamefika wapi. Pendekezo la Nairobi, Makerere au Dar es Salaam lina vyumba. Kuna usuli wa tatizo, tatizo la utafiti, malengo, maswali, umuhimu wa utafiti, mapitio ya maandiko, kiunzi cha nadharia, methodolojia. Mwanafunzi hulitetea mbele ya jopo la idara baada ya kozi, na bila kupita hapo haendi mbele. Sehemu inayoitwa umuhimu wa utafiti haina mwenzake huko Oxford. Hapa mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya Jane Austen huulizwa kwa nini, tena huulizwa na watu wanaotaka jibu la kweli.

Swali hilo nalipenda. Linatokana moja kwa moja na mabishano ya 1968, na limewalazimisha wanafunzi wengi kuutafuta uhusiano ambao wasingeutafuta. Lakini vyumba vile vimeazimwa kutoka sayansi za jamii, na vinadai bei yake. Mara nyingi nimesoma tasnifu ambamo nadharia imetangazwa katika sura ya kwanza, na riwaya ikaitwa katika sura ya nne kuja kuithibitisha, kama shahidi aliyefundishwa la kusema. Kitabu kinachopingana na nadharia yako ndicho chenye faida kwako, na umbo la pendekezo letu halikiachii nafasi ya kupinga. Mwingereza anayeanza na kitabu hukwepa kosa hilo, ingawa huweza kutumia miaka mitatu juu ya jambo ambalo hakuna aliyemuuliza lina uzito gani.

Mkenya Micere Githae Mugo aliupata mpango uliokwepa hatari zote mbili. Uzamivu wake aliupata mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada, na kazi ile ikatoka kama kitabu, Visions of Africa, mwaka 1978. Aliwaweka pamoja Chinua Achebe, Ngũgĩ, Elspeth Huxley na Margaret Laurence. Afrika ya waandishi wawili Waafrika, ya binti wa walowezi wa Kenya, na ya Mkanada aliyeishi Somaliland na Gold Coast. Swali lake lilikuwa la Nairobi na mmoja wa waandishi wake alikuwa wa nchi iliyomkaribisha, na hakuna upande ulioachwa uwe mgeni wa mwingine. Sijaona kielelezo kizuri zaidi cha kumwonyesha mwanafunzi wa kwetu anayekwenda nje na kuogopa kwamba atalazimika kuchagua kati ya mada ya kwao na mada ya wenyeji wake.

Kuna tofauti nyingine ambayo mipango mingi huisahau: mtu anayesoma huwa anafanya nini kingine. Mmarekani hufundisha akiwa mwanafunzi, na kufundisha huko kumepimwa ili kuingie katika ratiba ya masomo. Mwanafunzi wa uzamivu wa Afrika Mashariki mara nyingi ni mwalimu aliyekwisha ajiriwa, mhadhiri msaidizi mwenye madarasa yaliyojaa, anayehitaji shahada ili apande cheo. Huandika usiku na wakati wa likizo. Uzamivu uliopangwa miaka mitatu huwa sita, na sababu yake si uvivu. Kwa mtu wa namna hiyo mwaka mmoja mbali na kazi, hata kama hauleti shahada kamili, unaweza kuwa na thamani kuliko jina la chuo kikubwa. Ufadhili wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza. Ule wa Jumuiya ya Madola, uliopo tangu 1959, umewasomesha watu wetu wengi katika ngazi zote mbili. Na mpango wa Fulbright huwapeleka Marekani wanaoanza na wanaotaka tu muda wa utafiti.

India na Ujerumani nazigusa kwa ufupi. M.A. ya Kiingereza India ni miaka miwili ya karatasi nyingi za lazima, historia nzima ya fasihi kwa mfuatano, na msisitizo wake ni upana. Anayehisi kwamba shahada yake ya kwanza ilimwachia mashimo atayaziba huko. Kati ya uzamili na uzamivu palikuwa na ngazi ya M.Phil., lakini kanuni za mwaka 2022 ziliiondoa, hivyo mipango ya zamani inayoitegemea haifai tena. Ujerumani inafanana na Uingereza kwa msimamizi mmoja na uhuru mkubwa. Inatofautiana nayo mwishoni, kwani mtu aliyefaulu utetezi haruhusiwi kujiita daktari mpaka tasnifu yake ichapishwe, na anayelenga uprofesa kwa njia ya jadi huandika kazi kubwa ya pili. Mjerumani huchukulia tasnifu kuwa deni kwa wasomaji. Mwingereza huiweka maktabani, akageuza sehemu zake kuwa kitabu miaka mitano baadaye kama mchapishaji atakubali. Vyuo kadhaa vya Kenya vinavyomtaka mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha makala kabla ya kuhitimu vimekaribia fikra ya Kijerumani, kila kimoja kwa sababu zake.

Linabaki suala la mahali zilipo nyaraka, na hapa ramani haifuati matarajio. Maktaba ya Folger, iliyoko Washington, ina nakala 82 za toleo la kwanza la tamthilia za Shakespeare la mwaka 1623. Hakuna mahali pengine duniani, Uingereza ikiwamo, palipo na nyingi hivyo. Kwa hiyo mtafiti wa Shakespeare ana sababu njema ya kwenda Marekani. Na mtafiti wa fasihi ya Kiingereza ya Afrika? Hati za mfululizo wa vitabu wa African Writers Series, ulioanza 1962 na Achebe akiwa mhariri mshauri, ziko Chuo Kikuu cha Reading. Kumbukumbu za Transcription Centre, kituo cha London kilichowarekodi waandishi wa Kiafrika katika miaka ya 1960 na 1970, ziko Austin, Texas. Mtu anaweza kusoma kila riwaya ya Afrika Mashariki akiwa Dar es Salaam, lakini barua zilizoamua zipi zichapishwe atazifuata Reading. Jambo hili linauma, na ni haki liume. Kwa upande mwingine, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina ya miswada ya Kiswahili ambayo mtafiti wa London huifungia safari, na mtafiti wa fasihi simulizi, popote alipoandikishwa, lazima arudi kwa wasimulizi wenyewe. Ukumbi wa masomo na mahali pa ushahidi si lazima viwe nchi moja, ila bajeti na kalenda yako vijue mapema kwamba haviko nchi moja.

Nikiyatazama mapokeo haya kwa pamoja, naona kila moja linailinda sehemu ya usomi ambayo jingine hukubali kuipoteza. Uingereza hulinda faragha ya msomaji na kitabu chake. Marekani inajali upana wa kusoma kabla ya kusema, na chuo cha pwani kinataka kujulikana umesoma kwa nani. Nairobi ya 1968 ililinda haki ya kuuliza fasihi hii inatazamwa kutoka wapi. Hakuna mpango mmoja utakaokupa yote, lakini mtu anaweza kuyapata katika nyakati tofauti za maisha yake. Uzamili nyumbani, ambako swali hupigwa msasa na watu wanaoijua jamii linakotoka, kisha uzamivu Uingereza, ni mfuatano wenye mantiki. Mwaka mmoja wa uzamili Uingereza, kwa mtu asiyejua kipindi chake, kisha Ph.D. ya Marekani yenye miaka ya kozi, ni mfuatano mwingine. Uzamivu wa Nairobi au Dar es Salaam ukiwa na miezi sita ya nyaraka Reading au Austin katikati yake ni wa tatu, nami nauona kuwa umedharauliwa bila sababu. Lisilofaa ni kupeleka pendekezo la haraka kwa chuo cha Uingereza kwa kuwa jina lake linajulikana, huku swali halijapatikana. Chuo kinaweza kukukubali. Swali halitakuja kwa kukubaliwa.

Basi kabla ya kujaza fomu, liandike swali lako kwa sentensi moja isiyo na jina la nadharia ndani yake. Chini yake taja vitabu vitano unavyovijua kiasi cha kubishana navyo, lugha unazosoma, mahali zilipo nyaraka, na mtu mmoja ambaye kazi zake umezisoma na ungependa akusome. Kama sentensi inakataa kuandikika, omba mahali penye kozi, na usione haya. Marekani imejenga mfumo mzima kwa ajili ya watu walio katika hali hiyo. Kama imeandikika, mwandikie mtu huyo mwezi wa Agosti au Septemba. Maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba, na yale ya Uingereza yanayofungamana na ufadhili hufungwa kati ya Desemba na Januari.